Kwa nini njia tambarare ya reli ya zamani imenichosha kuliko vilima vya barabara ya Likasi?

#1 Kinga_ya_Katuba
Salamu kwenu. Nina swali nililorudi nalo kutoka Marekani, nilikokwenda kumtembelea mdogo wangu. Kila ninayemuuliza hapa Lubumbashi hunijibu kwa uhakika mkubwa, ila sijapata bado watu wawili walionijibu sawa.

Mimi ni mtu wa baiskeli tangu utotoni. Kinga, kama tunavyoiita huku Katuba, ndiyo iliyonipeleka shuleni na ndiyo inayonipeleka kazini hadi leo. Barabara ya Likasi, kilomita kama 120, nimeimaliza kwa siku moja mara tatu, kwa baiskeli isiyo na gia, na jioni nilikuwa bado na nguvu za kuketi na watu tukapiga soga. Huko Marekani mdogo wangu alinikodishia baiskeli nzuri yenye gia nyingi, tukaingia njia iitwayo Great Allegheny Passage, ambayo zamani ilikuwa reli. Vyuma viling'olewa, mahali pake pakamwagwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, magari hayaruhusiwi, na mto unakuwa kando yako siku nzima. Tulianzia Connellsville tukafuata Mto Youghiogheny, tukapita Ohiopyle penye maporomoko, tukafika Confluence, kisha tukashika bonde la Mto Casselman hadi Meyersdale. Zote ni kilomita 92 hivi, nami sikuona kilima hata kimoja.

Tulipofika nilishindwa kushuka. Mdogo wangu alishika usukani, nami nikainamia upande hadi nikagusa nyasi, kama gunia la makala (mkaa) linaloshushwa sokoni. Nilikula kidogo nikalala saa moja jioni. Je, tambarare inawezaje kumchosha mtu kuliko vilima?

#2 Mama_Ruashi
Pole, ndugu yangu. Kabla wataalamu hawajafika, tuambie mara ya mwisho kwenda Likasi ilikuwa lini, kwa maana huenda kilichobadilika si barabara bali ni mwenye miguu.

#3 Kinga_ya_Katuba
Mama, nilijua utaanza na hilo. Ilikuwa kiangazi kilichopita, nami nilikuwa na miaka 46 kama niliyo nayo sasa.

#4 MtotoWaReli
Baba yangu alifanya kazi ya reli hapa mjini miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kama nilivyomsikia akieleza mezani.

Ndugu Kinga, hukuwa kwenye tambarare. Ulikuwa ukipanda tangu asubuhi hadi jioni, ila aliyeijenga njia hiyo alikuwa fundi hodari aliyekuficha mlima. Gurudumu la chuma juu ya chuma hushika kidogo sana, na garimoshi lenye tani 1,000 likipandishwa mteremko wa mita moja kwa kila mita mia linadai nguvu ya tani kumi za ziada kulivuta. Ndiyo sababu wahandisi wa reli huukimbia mlima kwa kufuata mto, kwa kuwa mto umekwisha kuchonga mahali pa kupita kabla yao. Mto unapowaachia njiani, hutoboa handaki. Mngeendelea mbele ya Meyersdale mngefika kilele cha njia, mita 729 juu ya usawa wa bahari, na baada yake kidogo handaki la Big Savage, ambalo lina urefu wa kama kilomita moja na hufungwa kwa milango wakati wa baridi kali.

Sasa jiulize jambo moja tu: maji ya mto yalikuwa yakienda upande uleule mliokuwa mkienda, au yalikuwa yakiwajia?

#5 Kinga_ya_Katuba
Yalikuwa yakitujia. Pale Ohiopyle tulisimama kutazama maporomoko, nikasema kwa sauti kwamba maji haya yanaharakia kule tulikotoka, wala sikuliunganisha jambo hilo na magoti yangu.

#6 Mwalimu_wa_Hesabu
Jibu namba 4 ni zuri, nami naliongezea hesabu ili tusibishane kwa maneno matupu. Kati ya Connellsville na Meyersdale njia inapanda zaidi ya mita 300. Ukigawanya kwa kilomita 92, kila mita mia unapanda kama sentimita 35 au 40, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Tuseme ndugu yetu pamoja na baiskeli na mizigo ana kilo 100. Kwa kila asilimia moja ya mteremko, ni kama mtu amefunga kamba nyuma ya baiskeli na kukuvuta kwa uzito wa kilo moja. Kwa hiyo siku nzima alikuwa akivutwa nyuma kwa uzito wa karibu gramu 400, wala kamba hiyo haikulegezwa hata dakika moja. Kwa lugha nyingine, amejipandisha yeye na baiskeli yake zaidi ya ghorofa mia moja za mita tatu tatu.

#7 Bukavu_Milimani
Kwa heshima zote, Mwalimu, gramu 400 ni mkate mmoja. Sisi wa Bukavu tunapanda ghorofa zako mia tukienda kununua chumvi, na hakuna anayelala saa moja jioni. Tena hujatuambia barabara ya Likasi inapanda mita ngapi kwa jumla, ukihesabu kila kilima kinachopandwa na kushukwa. Ukizijumlisha zote huenda zikazidi hizo 300, na hoja yako ikageuka kinyume.

Mimi naona kinachochosha ni kukosa mteremko wa kushuka. Kwenye vilima unakanyaga kwa nguvu dakika kumi, kisha unaachia miguu, baiskeli inajiendea, upepo unakukausha jasho, moyo unatulia. Katika njia ya reli hakuna mahali pa kuachia. Ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama.

#8 Mwalimu_wa_Hesabu
Hoja ya Likasi naikubali. Sina vipimo vya kila kilima. Tena hoja yako ya pili naweza kukupa hesabu yake: kwa gia ya kati, inayosogeza baiskeli kama mita nne na nusu kila pedali zikizunguka mara moja, kilomita 92 ni zaidi ya mizunguko 20,000, na katika hali uliyoieleza hakuna hata mmoja uliotolewa bure.

#9 FundiWa_Kamalondo
Ninatengeneza baiskeli tangu mwaka 1998, na ninawashangaa mnaozungumza juu ya mlima na magoti bila mtu hata mmoja kuuliza juu ya matairi. Mawe ya chokaa yaliyosagwa si lami. Yakiwa makavu tairi huyasukuma kidogo kidogo kila linapopita, na nguvu hiyo hairudi. Yakilowa hugeuka uji unaong'ang'ania tairi na kuingia ndani ya mnyororo. Ndugu Kinga, nina maswali mawili. Je, mvua ilikuwa imenyesha? Na tairi lilijazwa upepo kiasi gani?

#10 Kinga_ya_Katuba
Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku hiyo. Hadi saa sita mchana miguu yangu ilikuwa imejaa vumbi jeupe lililokauka kama chokaa ya ukutani, na mnyororo ulikuwa ukilia kama panya. Tairi nilizijaza mwenyewe kwa pampu hadi zikawa ngumu kama jiwe, kama tunavyofanya hapa kabla ya safari.

#11 FundiWa_Kamalondo
Hapo ndipo ulipojikosea. Tairi gumu kama jiwe ni zuri juu ya lami laini. Juu ya changarawe hurukaruka, na kila kuruka ni nguvu iliyotoka miguuni mwako ikapotelea hewani na mabegani. Tairi pana lenye upepo wa wastani hulikumbatia jiwe na kupita. Vijana hawapendi kulisikia hili, kwa sababu kidole gumba kimewafundisha kwamba gumu ndilo zuri.

#12 ChukuduGoma
Nawasalimu kutoka Goma. Nyinyi wa Lubumbashi mna bahati, baiskeli yenu ina pedali. Huku kwetu chombo cha mzigo ni chukudu, yote ya mbao, magurudumu mawili yaliyovishwa vipande vya mpira, na mwenye kuiendesha huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine. Kaka yangu alileta kabichi na makala kutoka Kibumba kwa miaka sita. Waulizeni watu wa chukudu ni wapi wanapochoka, hawatawatajia mteremko, na huko kupanda wanasaidiana kusukuma. Watawatajia kipande kilicho sawa cha kuingilia mjini, ambapo chombo hakiendi chenyewe na kila hatua ni ya mguu uleule. Kwa hiyo namuunga mkono Bukavu_Milimani, ingawa si kawaida yangu kuwaunga mkono watu wa Bukavu.

#13 Bukavu_Milimani
Naomba msimamizi aihifadhi siku hii.

#14 Msafiri_Kampemba
Naomba kuongeza historia kwa faida ya wasomaji. Njia hiyo inatoka Pittsburgh hadi Washington, na reli yake ilifungwa kwa sababu ya mafuriko ya mto.

#15 MtotoWaReli
Ndugu Msafiri, samahani, yote mawili yanahitaji kunyooshwa. Great Allegheny Passage inatoka Pittsburgh na kuishia Cumberland, kama kilomita 240. Kuanzia Cumberland hadi Washington ni njia nyingine, ya kilomita kama 297, nayo haikuwa reli kamwe: ni ukingo wa mfereji wa Chesapeake na Ohio, ambapo nyumbu walitembea wakivuta mashua kwa kamba hadi mwaka 1924. Zinakutana Cumberland, ndiyo sababu wapanda baiskeli huziunganisha na kuzisema kama njia moja.

Reli ya kipande alichopita ndugu Kinga, iliyofunguliwa mwaka 1912, iliachwa mwaka 1975 kwa kuwa kampuni mbili zilikuwa na njia mbili katika bonde moja, na mizigo ikahamishiwa kwenye moja. Hadi leo garimoshi za mizigo zinapita ng'ambo ya mto. Ya mafuriko nadhani umechanganya na Katy Trail ya Missouri, kama kilomita 386, ambayo sehemu yake kubwa inafuata Mto Missouri. Hiyo ndiyo reli iliyoharibiwa na mafuriko mwaka 1986 na haikufufuliwa.

#16 Msafiri_Kampemba
Asante, nimekosolewa vizuri. Ni kweli nilisoma juu ya Missouri.

#17 Muuguzi_Lshi
Mmezungumza juu ya mlima, mawe, tairi na nyumbu, ila mwili wenyewe hamjauuliza. Mtu anayepanda vilima hubadilisha mkao bila kujua: anasimama juu ya pedali, anarudi kukaa, anashuka na kusukuma, anainama akiteremka. Kila mara damu hupata nafasi ya kupita katika misuli iliyokuwa imebanwa. Katika njia iliyonyooka mtu hukaa vilevile saa nyingi, uzito uleule juu ya mifupa ileile miwili ya makalio, na viganja vimekandamizwa usukani. Ndugu Kinga, je, vidole viwili vya mwisho vya mkono vilikufa ganzi? Na ulikula nini njiani? Katika tambarare mtu husahau kula, kwa sababu hakuna kilele cha kusimama.

#18 Kinga_ya_Katuba
Dada Muuguzi, utadhani ulikuwepo. Vidole viwili vya mwisho, mkono wa kulia, vilikufa ganzi tangu Confluence, na kesho yake sikuweza kugeuza ufunguo mlangoni. Chakula kilikuwa mkate wenye nyama pale Confluence, biskuti nne na maji. Ningekuwa kwenye barabara ya Likasi ningesimama mara tano: mahindi ya kuchoma hapa, bitumbula (maandazi) pale, kikombe cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kwa mama fulani, na salamu zisizoisha.

Ila niwape jambo moja linalowatatiza wote. Shemeji yangu, ambaye ni mkubwa kwangu kidogo, aliipita njia hiyohiyo siku hiyohiyo kutoka Meyersdale kushuka Connellsville, yaani maji yakienda naye. Kwa hesabu ya Mwalimu yeye alisukumwa mgongoni kwa gramu 400 siku nzima. Jioni alilala kabla yangu.

#19 MtotoWaReli
Hilo ni gumu, nakiri. Je, shemeji ni mtu wa baiskeli?

#20 Kinga_ya_Katuba
Anaendesha gari hadi dukani, mwendo wa dakika tatu. Kwa hiyo naye si shahidi kamili.

#21 Mwalimu_wa_Hesabu
Sijashindwa bado. Upepo ulikuwa wapi?

#22 Kinga_ya_Katuba
Msituni sikuusikia. Kabla ya kuingia Meyersdale tu, tulipovuka daraja refu la Salisbury, la mita kama 580, lililo juu sana ya Mto Casselman na barabara, upepo wa ubavuni ulikuwa ukiisukuma baiskeli hadi nikaukaribia ukingo wa chuma. Kutoka hapo darajani nilihesabu minara ya kuzalisha umeme kwa upepo iliyopangwa juu ya vilima.

#23 Mwalimu_wa_Hesabu
Basi jibu tunalo. Hakuna mwenye akili anayesimamisha minara ya upepo mahali pasipo na upepo. Ukienda kilomita 15 kwa saa na upepo wa kilomita 10 ukakujia usoni, hewa inakupiga kana kwamba unakwenda 25, na ukinzani wake huongezeka karibu mara tatu, kwa kuwa hauongezeki kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo.

#24 FundiWa_Kamalondo
Mwalimu, minara iko juu ya vilima, naye alikuwa chini bondeni katikati ya miti. Tena ametuambia kwamba msituni hakuusikia na kwamba darajani ulitoka ubavuni. Upepo wako umetoka wapi?

#25 Papa_Makala
Wanangu, nawasoma tangu jana. Mimi nilibeba makala kwa baiskeli kutoka barabara ya Kasenga kuja Lubumbashi, tangu nikiwa kijana hadi mgongo uliponikataza. Magunia matatu, wakati mwingine manne, yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gari, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili mkono ufike mbele huku mwili ukisukuma nyuma.

Nitawaeleza nilivyoona kwa macho yangu. Kilima kikali hakituui, kwa sababu kila mtu anakiogopa: tunasimama chini yake, tunakunywa maji, tunangojana, wawili wanasukuma baiskeli ya mmoja, kisha tunarudia. Kinachotuangusha ni mwinuko mpole, ule ambao mtu mgeni hauoni kabisa. Hapo hakuna anayesema tupumzike, maana ataonekana mvivu. Unakwenda, unakwenda, na unashangaa kwa nini mzigo umeongezeka uzito, hadi unalikagua gurudumu ukidhani lina kasoro. Mara nyingi nimewaona vijana wakifungua breki na kuitazama ringi, kumbe ni ardhi tu.

Kwa hiyo Mtoto wa Reli yuko sawa, na yule wa Bukavu yuko sawa pia, ila mmoja anaeleza ardhi na mwingine anaeleza mtu.

#26 Bukavu_Milimani
Shikamoo Papa. Nimenyamaza.

#27 Mama_Ruashi
Papa amesema kweli, lakini nami niongeze langu, msije mkanicheka. Kilima kina mwisho unaouona. Ukifika juu unageuka nyuma, unajipongeza, unaanza hesabu upya. Ndugu yetu aliona nini saa saba zile? Miti kulia, mto kushoto, njia mbele imenyooka mpaka inakuwa uzi. Moyo usipopata cha kuhesabu huanza kuhesabu maumivu. Nilisafiri kwa garimoshi kwenda Kamina nikiwa msichana, nimekaa tu, sikukanyaga pedali yoyote, na nilishuka nimechoka kana kwamba nililima.

#28 Muuguzi_Lshi
Mama, hatukucheki. Ila kwa garimoshi la kwenda Kamina ningetilia shaka kwanza lile benchi la mbao.

#29 Msafiri_Kampemba
Tukirudi kwetu: je, hapa Katanga tungeweza kupata njia ya namna hiyo ili tuyajaribu haya wenyewe badala ya kubishana juu ya mito ambayo wengi wetu hatutaiona?

#30 MtotoWaReli
Inayonijia kichwani ni ile ya Kalemie hadi Kabalo, iliyokamilika mwaka 1915, kilomita 273, kwa sababu inafuata Mto Lukuga unaoyatoa maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapeleka Lualaba. Ukitoka Kalemie maji yanakwenda nawe, ukitoka Kabalo yanakujia. Ingekuwa shule nzuri ya uzi huu.

Lakini tofauti ni kubwa. Wenzetu waligeuza reli zilizokwisha kuachwa, na tangu mwaka 1983 sheria yao inaruhusu njia kutunzwa kwa baiskeli huku haki ya kurudisha reli siku moja ikibaki. Yetu haijaachwa, ni reli inayongoja mabehewa. Sitaki kumwona mtu amepanda baiskeli katikati ya vyuma akitafuta tambarare. Vijia vya kando vilivyokanyagwa na wenyeji vinatosha, tena mtu aweke masikio wazi.

#31 FundiWa_Kamalondo
Ndugu Kinga, katika picha uliyoiweka kwenye wasifu wako naona baiskeli hiyo ya kukodi imeegemezwa kwenye bango la Meyersdale. Nimeikuza. Kwenye gurudumu la nyuma, raba ya breki ya upande wa kushoto inagusa ringi. Kama iligusa hivyo tangu asubuhi, ulikuwa ukikanyaga na kufunga breki kwa wakati mmoja kilomita 92.

#32 Kinga_ya_Katuba
Fundi, umenitia jasho. Nimeitazama picha mara nyingi na kweli inaonekana imegusa. Ila kabla ya kupigwa picha hiyo baiskeli ilikuwa imeanguka, kwa sababu mimi mwenyewe nilianguka nayo nikishuka, kama nilivyoeleza mwanzoni. Huenda breki ilipinda hapo.

#33 Bukavu_Milimani
Au Papa Makala amekwisha kutuambia juu ya vijana wanaotazama ringi.

#34 FundiWa_Kamalondo
Papa namheshimu. Ila picha ni picha.

#35 Kinga_ya_Katuba
Asanteni nyote. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakwenda Kipushi na kurudi kwa kijia cha udongo, kama kilomita 60, bila kusimama penye vilima wala kwenye munkoyo, tairi likiwa na upepo wa wastani. Jumamosi inayofuata nitarudia njia hiyohiyo na tairi gumu, nikisimama kila ninapotaka. Fundi atakagua breki mara zote mbili. Nani anakuja nami?

#36 Mwalimu_wa_Hesabu
Nitakuja na saa na daftari. Ila umebadilisha mambo mawili kwa pamoja, upepo wa tairi na kusimama, kwa hiyo hatutajua ni lipi.

#37 Mama_Ruashi
Mimi nitawangojea Kipushi na munkoyo. Atakayepita bila kusimama, shauri yake.